Ripoti ya Mlangoni

"Hapo mlangoni panatosha, mwanangu," mzee aliniambia. "Kazi hii nimeifanya miaka thelathini kabla ya kustaafu. Uliza, andika, uende zako."

Mwanangu! Nilikuwa na miaka arobaini na tisa, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, niko mazoezini katika ofisi ya ustawi wa jamii. Na mzee huyo nilikuwa nimemtafuta kwa hamu kuliko nilivyowahi kutafuta mume.

Hakunikumbuka. Angenikumbukaje, wakati hata uso wangu hakuutazama? Miaka ishirini na mitatu nyuma alisimama langoni kwangu, daftari kalilaza juu ya boneti ya gari la ofisi, akamsikiliza wifi yangu, ambaye hatupikiki naye chungu kimoja. Akaandika: "Hakuna chakula nyumbani. Mama hafai." Jiko langu lilikuwa uani, maharage yanachemka. Hakupiga hata hatua moja ndani. Kwa mistari hiyo miwili mwanangu alikaa kituo cha kulelea watoto miaka minne, na aliporudi aliniita shangazi.

Ndiyo maana nilirudi shule. Watu walidhani nina huruma. Huruma gani? Nilitaka kalamu. Asubuhi nilifua nguo za watu, jioni nikakaa darasani na vijana wa rika la mwanangu, wakaniita Bibi Mwanachuo, nami nikacheka nao huku roho inaniunguza. Siku ya kwanza mwalimu alituambia ripoti haianzi mpaka umefunua sufuria. Niliyaandika maneno hayo kwa wino mwekundu.

Faili la mzee lilipofika mezani kwangu, nilisoma jina lake mara tatu na sikumwambia msimamizi wangu kitu. Alitaka kumlea mjukuu wake, msichana aliyefiwa na wazazi wote wawili, na mahakama ilisubiri ripoti yetu. Njia nzima nilikuwa nikiitunga kichwani: Babu hafai.

Na sasa mwenyewe ananiambia niandikie mlangoni. Jamani! Ilikuwa rahisi hivyo.

"Nionyeshe jiko," nikasema.

Nilifunua kila sufuria. Nilikagua mashuka, nikabonyeza godoro, nikaikuta sare ya shule imepigwa pasi, kola yake imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, mishono mikubwa ya mtu asiyejua kushona. Mtoto akaniletea maji, kisha akasimama nyuma ya babu yake, kamshika shati. Saa mbili nzima nilitafuta kosa. Sikulipata, na nilichukia kutolipata.

"Wewe unafanya kazi kwelikweli," mzee alisema. "Sisi wakati mwingine tulikuwa..."

"Najua. Ulikuwa unaandikia juu ya boneti. Jikoni kwangu kulikuwa na maharage."

Akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza. Akakaa kitini bila kuangalia kama kiti kipo.

"Umeandika nini?" aliuliza.

Nilikuwa nimeandika ukweli: Babu anafaa. Ningeweza kumwambia pale pale, maneno mawili tu.

"Utasikia mahakamani," nikasema, nikafunga daftari, "kama nilivyosikia mimi."

Kesi ilikuwa baada ya siku kumi na nne. Mwanangu aliwahi kuniuliza kama sikumwonea huruma yule mzee. Nilimwambia kwamba siku zote kumi na nne nilikula nikashiba, na nililala fofofo.