Gauni la Mlingoti

Mimi sina dogo, waulize wanaonijua. Wifi yangu, mke wa kaka, aliponiambia kwamba binti yake atavaa gauni la dukani kwenye shindano la Mrembo wa Jimbo, nilimuuliza kama mimi na cherehani yangu tumekufa. Msichana mwenyewe, tunayemwita Mlingoti kwa urefu wake, alicheka tu. Mwaka jana alishika nafasi ya pili, na kwa umri wake mwaka huu ndio wa mwisho kuruhusiwa. Akikosa, basi tena.

Nikamshonea. Bluu ya kung'aa, mgongo wazi kiasi, pindo linagusa sakafu. Kwangu viatu huachwa mlangoni ili vitambaa visichafuke, kwa hiyo nilimpima yuko peku. Bibi harusi huwa namuuliza urefu wa kiatu chake. Lakini kinyozi hajinyoi; huyu ni mtoto wetu, na siku ile nilikuwa nabishana na mama yake. Nani angekumbuka?

Nyuma ya jukwaa akavaa visigino virefu. Gauni likapanda, likaishia juu ya vifundo, kama mtu anayevuka dimbwi. Pindo nilishalikata, hakuna cha kushusha. Wifi akanitazama, midomo imemkauka.

"Haya, wifi," akasema. "Gauni la ukoo hilo."

"Vua viatu," nikamwambia Mlingoti. Nilisema kwa ukali, maana ningesema taratibu ningelia.

Akavua. Wenzake walitoka wakidonoa sakafu kwa visigino. Yeye akatoka kama anakwenda kumfungulia mgeni mlango, mabega yametulia, pindo linafagia polepole. Vigelegele vikaanzia huko nyuma, kwa akina mama.

Jaji mmoja, mama wa miwani, akamuuliza mbona hana viatu. Nikafumba macho. Leo naumbuka.

"Nikienda kwa shangazi yangu kupimwa gauni, viatu naviacha mlangoni," akajibu. "Na kwa shangazi simwogopi mtu. Nimetaka kutembea hivyo."

Mtoto yule! Uongo hakusema, na siri yangu hakuitoa. Alipotangazwa mshindi, wifi alinirukia shingoni, tukaangukia viti, watu wazima ovyo, tunalia na kucheka.

Mpiga picha akaja na vile viatu mkononi. Eti avae, picha ya Mrembo wa Jimbo haipigwi miguu mitupu. Mlingoti akakataa. Jamaa akang'ang'ania. Akakataa tena, taji linamchezacheza kichwani, huku ananitupia jicho la pembeni. Nikaelewa. Furaha yake yote ile, na bado analinda jina langu.

Nikapanda jukwaani bila kuitwa.

"Mwacheni," nikasema, kumbe kipaza sauti kiko wazi. "Fundi ni mimi, na vipimo nimekosea mimi. Akivaa viatu gauni ni fupi. Mpigeni picha hivyo hivyo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mlingoti akanishika kiuno, akanivuta kwenye picha, nami nikavua vyangu nikavisukumia pembeni.