Mpira wa Mwisho wa Iwabuchi

Siku ambayo Iwabuchi Masaru alikuwa anaaga besiboli, Nagumo aliamka vizuri tu. Kilichomharibia siku ni gazeti. Kurasa sita nzima za Iwabuchi: Iwabuchi akiwa mtoto, Iwabuchi na mbwa wake, Iwabuchi akifuta machozi mbele ya waandishi, na juu kabisa, kwa herufi kubwa za kuziba macho, "Hazina ya Kanazawa."

"Hazina!" alisema Nagumo ndani ya basi la timu. "Miaka ishirini na moja anarusha mipira. Ameshinda mechi mia na kumi na mbili, amepoteza mia na kumi na nane. Hivi hiyo ni hazina au hasara?"

Mzee Orita, kocha wa wapigaji, alikuwa kiti cha mbele anamenya chungwa. Hakugeuka.

"Kupoteza mechi mia na kumi na nane si mchezo, bwana wewe. Mrushaji mbovu haachwi apoteze nyingi hivyo. Anafukuzwa kwenye ya ishirini."

Basi zima likacheka. Nagumo akakunja gazeti, akalikalia.

Wenzake walijua kilichokuwa kinamkera. Miaka minane nyuma, Nagumo akiwa na miaka ishirini na tano na mambo yamemnyookea, mpira wa Iwabuchi ulimpiga kwenye kifundo cha mkono wa kulia ukavunja mifupa miwili. Iwabuchi alivua kofia pale pale uwanjani, akainama, kama ilivyo adabu. Kisha wiki iliyofuata akatuma tunda, tikiti. Lile tikiti la kijani la bei ghali ambalo Wajapani huwapelekea wagonjwa, limelala ndani ya kisanduku cha mbao kama mtoto mchanga. Hakuja mwenyewe, wala hakupiga simu. Nagumo akasema afadhali ale nyasi. Mkewe, Chizuru, akalikata akalila lote na mama yake, wakisifu utamu wake mbele ya mgonjwa. "Tikiti halina kosa," alisema Chizuru, akilamba kidole.

Mkono ulipona, lakini haukurudi kuwa ule wa zamani. Tangu hapo Nagumo alikuwa mtu wa kupanda na kushuka: leo timu kubwa ya mji wa Kochi, kesho timu ya pili, akipiga mipira mbele ya wazee watano na paka. Mwaka huu walimpandisha wiki mbili za mwisho. Alikuwa ameingia kupiga mara tisa, na mara zote tisa alitoka mikono mitupu. Keshokutwa msimu ungekwisha, na baada ya hapo simu zingeanza kulia kwa wale wasiohitajika tena. Hakuna aliyemwambia yumo. Lakini mtu mzima hahitaji kuambiwa kila kitu.

Walipofika Kanazawa, Orita alimvuta pembeni ya chumba cha kubadilishia nguo.

"Leo unaanza wewe. Mpigaji wa kwanza."

Moyo wa Nagumo ukaruka. "Mimi? Na Teshima?"

"Teshima anagombea taji la upigaji, hatuwezi kumharibia hesabu yake. Iwabuchi anaanza mechi, anamrushia mtu mmoja, basi, anatoka. Mtu huyo ni wewe. Ukishamaliza, Teshima anachukua nafasi yako."

Nagumo akaelewa, na moyo ukarudi mahali pake. Desturi ni ile ile kila mwaka: mrushaji anayeaga analetewa mpigaji mmoja, mpigaji anazungusha gongo hewani mara tatu bila kugusa kitu, anatoka, uwanja mzima unalia, maua yanaletwa. Anayechaguliwa ni mtu ambaye hesabu yake haina tena cha kuharibika.

"Kwa hiyo huenda ndiyo mara yangu ya mwisho kushika gongo," alisema, "na mnataka nilishike kwa uongo."

"Si uongo. Ni heshima."

"Heshima kwa lipi, Kocha? Kwa kuzeeka? Hata mimi nazeeka, mbona siletewi maua?"

Orita alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilimchoma Nagumo kuliko tusi. "Nagumo, usituaibishe. Zungusha mara tatu, inama, rudi ukae."

Kabla ya mechi Iwabuchi alipita upande wa wageni kusalimia. Miaka arobaini, kichwa kimeanza kung'aa, bega la kulia limeshuka chini kidogo. Aliinama kwa kila mtu. Alipofika kwa Nagumo aliinama zaidi.

"Nimesikia ni wewe. Samahani kwa usumbufu."

"Bega vipi?"

"Limeshakufa. Tumebakiza kulizika." Wote waliokuwa karibu wakacheka. Kisha Iwabuchi akauliza, kwa sauti ya chini, "Na mkono wako?"

"Mvua ikikaribia, mimi ndiye wa kwanza kujua."

Iwabuchi akafungua mdomo, akaufunga, akatazama viatu vyake. Mpiga picha mmoja akamwita, akaenda. Nagumo akabaki pale na salamu nusu.

Uwanja ulijaa hadi ngazini. Watu elfu ishirini na tano, na nusu yao walikuwa wameanza kulia kabla hata mpira haujarushwa. Nagumo alisimama kwenye nafasi ya mpigaji akajiambia: mara tatu, inama, kaa. Kweli alijiambia hivyo.

Mpira wa kwanza ukaja. Ulikuwa mpira wa sherehe: umenyooka, wa polepole, katikati kabisa, kama embe lililoiva linalosubiri mkono. Na mkono wa Nagumo, ule ule mbovu, ukakataa kusema uongo. Aliupiga kwa nguvu zake zote. Mpira ukapaa juu kuelekea kushoto, mbali, mbali, ukaangukia kwenye viti vya watazamaji, hatua mbili tu nje ya mstari. Haukuhesabiwa chochote zaidi ya kosa moja kati ya matatu yanayomtoa mpigaji.

Halafu mwanamke mmoja, taulo lenye jina la Iwabuchi shingoni, akapaza sauti: "Huna haya, wewe!" Manung'uniko yakaenea. Kwenye benchi la Kochi, mzee Orita alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Mdakaji wa Kanazawa, aliyechuchumaa nyuma ya Nagumo, aliuliza bila kuinua uso, "Kaka, umelewa?"

"Sijalewa. Mwambie arushe."

Mdakaji akamwonyesha Iwabuchi kwa vidole aina ya mpira wa kurusha. Iwabuchi akatikisa kichwa. Ishara nyingine. Akatikisa tena. Mdakaji akaguna, "Mungu wangu, na huyu naye!" na akajipanga upya.

Iwabuchi hakuwa anatabasamu tena. Alivuta bega juu, uso ukamkunjika kwa maumivu, akarusha. Mpira ulitokea nje kabisa ukapinda ukaingia kwenye ukingo wa eneo la kupigika. Nagumo aliutazama tu ukipita. Kosa la pili. Huo haukuwa mpira wa sherehe. Na, aibu iliyoje, Nagumo alihisi furaha. Tangu apandishwe, hakuna mrushaji aliyejisumbua kumrushia kwa dhati namna hii.

Mpira wa tatu ulikuja umenyooka, kifuani, wa kupigika. Alijua ni ule wa kuanguka. Kila mpigaji wa Japani aliujua mpira wa kuanguka wa Iwabuchi. Miaka ishirini na moja walikuwa wanaujua na miaka ishirini na moja ulikuwa unawatoa. Alijiambia auache. Lakini ulikuwa umenyooka mno, na hamu ilikuwa kubwa mno. Akazungusha gongo kwa nguvu iliyomtoa miguuni, na hapo hapo mpira ukaanguka, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Gongo likapita juu yake. Nagumo akaenda chini kwa goti moja, kofia ikamdondoka.

Uwanja ukalipuka. Watu walikumbatiana. Yule mwanamke wa taulo alikuwa analia kwa kwikwi na kumpigia Nagumo makofi, kamsamehe.

Orita alimpokea kwenye benchi. "Umenipandisha presha bure! Lakini ule wa mwisho, ah, umeigiza! Mpaka goti!"

"Sikuigiza, Kocha."

"Ndiyo, ndiyo."

"Nilitaka kuupiga. Wallahi nilitaka kuupiga."

Orita akamkonyeza jicho. "Hivyo hivyo. Waandishi wakikuuliza, sema hivyo hivyo."

Baada ya mechi zilikuja hotuba, maua, barua ya binti wa Iwabuchi iliyosomwa kwa kipaza sauti. Wenzake wakamrusha Iwabuchi hewani mara saba, mzee wa watu, bega lake bovu likining'inia. Mwandishi mmoja kijana alimkuta Nagumo koridoni.

"Wengine wanasema sifa zimezidi, kwa mtu aliyepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Wewe unaonaje, anastahili haya yote?"

Nagumo alifikiri. Asubuhi ile alikuwa na jibu refu. "Mpira wake ulianguka," alisema.

"Kwa hiyo?"

"Basi. Ulianguka."

Kesho yake gazeti likaandika kwamba Nagumo, kwa unyenyekevu wa ajabu, alikataa kujisifia zawadi aliyompa mkongwe. Chizuru alimsomea kwenye simu. Nagumo alitukana neno ambalo si la kuandikwa.

Jumatatu simu ikalia. Walikuwa wapole. Walimshukuru kwa miaka kumi na mitano, wakamwambia apitie ofisini kuchukua vitu vyake. Hakukuwa na maua. Alisema asante, akakata simu, akakaa jikoni akitazama kifundo cha mkono wake.

Alhamisi kikaja kisanduku cha mbao. Chizuru alikiweka mezani. Ndani lilikuwemo tikiti la kijani, na juu yake kadi iliyoandikwa kwa mkono:

"Bwana Nagumo. Kila ninayekutana naye ananiambia uliniachia makusudi. Wamenipa maua mia tatu, na sikuamini hata moja. Wewe ulitaka kuupiga. Nashukuru. Kuhusu mkono wako, nilipaswa kuja mwenyewe siku ile, na hapo uwanjani niliogopa kusema. Nisamehe. Iwabuchi."

Nagumo aliisoma mara mbili. Machozi yakamtoka, na hakuyaficha.

"Nimpe jirani?" aliuliza Chizuru. "Najua wewe na matikiti yake."

"Mke wangu," alisema Nagumo, "lete kisu."