Kahawa Isiyoapiwa

Goitom alipewa kipaza sauti kwa sababu ya mdomo wake. Kulenga hajui, kuchimba handaki anachimba kama kuku, lakini kwa matusi hakuwa na mpinzani. Tulikuwa tumekwama bondeni, Waeritrea huku, Waethiopia kule, na kamanda wetu akamwagiza awatukane adui mpaka wakose usingizi. Mimi nilikuwa na bunduki nzito katika handaki hilohilo. Nilikuwa mpishi wa kahawa pia, maana mwanamke hata abebe mzinga, watamkabidhi na birika.

"Enyi wala matunda ya miiba!" Goitom alianza. "Rudini kwenu, mbuzi wamewakumbuka!"

Ng'ambo nako walikuwa na kipaza sauti, na nyuma yake kijana wa Adwa aitwaye Kidane. Lugha yetu ni moja, Kitigrinya, kwa hiyo hakuna tusi lililopotea njiani.

"Nyamaza wee, mla tambi za Waitaliano! Mate yako yamefika huku!"

Tulicheka. Mungu anisamehe, tulicheka sana, sisi na wao.

Wiki zikapita, matusi yakapungua ukali. Upepo ukielekea kwao, Kidane alisikia harufu ya buni ninazokaanga.

"Nani huyo anaunguza kahawa?"

"Ni Akberet. Njoo unywe, ndugu yangu! Naapa kwa kaburi la baba, usipokuja nakufa!"

"Basi kufa, niko zamu!"

Kila akiapiwa, Kidane aliinuka kifua wazi, akapunga kofia kwa heshima, kisha akajitupa chini. Mtu akikuapia, huwezi kukaa kimya kama jiwe. Kwetu mgeni anakataa, mwenyeji anaapa, mgeni anakataa tena, mwenyeji anaapa kwa watakatifu wote. Anayekuambia "njoo ule" bila kukuapia, jua sufuria yake ni tupu.

Katika maneno yao ikajulikana kwamba mama yake Kidane anauza pilipili sokoni Adwa, na kwamba kabla ya vita mama yake Goitom alikuwa akivuka mto Mereb kuinunua. Kuanzia hapo bunduki ya Goitom ikanyamaza. Asubuhi moja, tukitoka kumzika mwenzetu, nilimvaa.

"Mbona hupigi?"

"Akberet, simpigi mtu ninayejua pilipili ya mama yake."

"Wale wote si Kidane!"

"Ndilo linalonisumbua. Nao wana mama, ila hawajapewa kipaza sauti."

"Kawaambie waliomuua mwenzetu!"

"Nitawaambia. Wakiniuliza nani kawaua wa kwao, niseme nini?"

Nilikasirika, nikamnyima kahawa siku nzima.

Kamanda naye kicheko kile kilimtia homa. Jeshi linalocheka halipigani, alisema. Akaja na mlenga shabaha, akamweka karibu yangu.

"Goitom, mkaribishe rafiki yako kahawa," alisema. "Akiinuka tu, huyu atammaliza."

Goitom akaniangalia. Birika lilikuwa motoni, na nikaona aibu kana kwamba nimetia sumu. Akashika kipaza sauti.

"Kidane. Njoo unywe kahawa."

Basi, hakuongeza neno. Ng'ambo hakuinuka mtu. Kofia haikuonekana.

"Goitom? Unaumwa, ndugu yangu?"

Kamanda hakuwa mjinga, naye kazaliwa na desturi hizohizo. "Mwapie!" akamnong'oneza kwa ukali. "Mwapie, nimesema!"

Goitom akarudisha kipaza sauti mdomoni.

"Kidane, kamanda wangu anasema nikuapie."

Kicheko kikapanda kutoka handaki lao, kikavuka bonde, kikaingia letu. Mlenga shabaha aliweka bunduki chini apate kufuta machozi.

"Mwambie aape mwenyewe!" Kidane akapaza. "Mimi na kaburi la babake hatujuani!"

Goitom alifungwa kamba palepale. Hakubishana.

"Nipeleke utakako, kamanda," alisema. "Vita vinavyotaka niue mtu kwa kahawa si vyangu. Sasa naona havikuwa vyangu hata mwanzo."

Alikaa gerezani mpaka baada ya vita. Alipotoka nikaolewa naye, na ule mdomo nikauchukua na kasoro zake.

Miaka mingi baadaye mpaka ukafunguliwa. Watu walikumbatiana barabarani bila kuulizana majina. Siku ya tatu nikiwa nakaanga buni, nikasikia mtu anauliza nyumba kwa nyumba, "Yuko wapi yule mwenye mdomo?" Sauti niliijua kabla ya sura. Akatokea mtu mzima wa kipara, kabeba mfuko wa pilipili nyekundu, akasimama kizingitini.

Goitom, bingwa wa maneno wa brigedi nzima, alilia kama mtoto. Midomo ikamcheza weee, mwisho akapata machache tu.

"Kidane. Njoo unywe kahawa."

Kidane akakunja mikono. Haingii. Macho yanacheka, mguu hausogei.

"Mwapie!" nikampigia mume wangu kelele. "Mwapie, nimesema!"

Akaapa kwa kaburi la baba, kwa la mama, kwa Mariamu na Mikaeli, akaapa mpaka kahawa yangu ikafurika na kumwagika motoni.