Aliyejua Maneno Yote

Mama mmoja, fundi cherehani, alimpeleka binti yake kwenye kikundi cha maigizo cha shule kwa sababu mtoto alikuwa mpole kupita kiasi. Wateja wakimsalimu dukani, aliwajibu akiangalia vifungo. Mwalimu wa maigizo aliwaahidi wazazi kwamba baada ya masomo watoto watajitambua na kujenga ujasiri. Fundi akafurahi, akajitolea kushona mapazia ya jukwaa bure.

Kosa la mtoto lilikuwa moja tu: alishika maneno ya mchezo mzima kabla wenzake hawajatoka ukurasa wa pili. Kwa mwalimu yule, anayejua yote hapewi nafasi ya kuigiza. Anakaa nyuma ya pazia, awanong'oneze wanaosahau. Na aliyesahau kuliko wote alikuwa binti wa mwenyekiti wa bodi ya shule, ambaye ndiye aliyepewa umalkia. Mambo ya wakubwa hayo.

Mwanzoni binti wa fundi alimnong'oneza malkia neno mojamoja, kisha sentensi nzima. Halafu alasiri moja sauti yake ilivuka pazia na haikurudi. Ilikuwa sauti nzito kidogo, yenye mkwaruzo, aliyoirithi kwa bibi yake. Jioni ile mezani binti alitaka chumvi, akainyooshea kidole. Fundi akampa. Kisha akammulika kooni, asione kidonda.

Kesho yake alikwenda shuleni.

"Ni kawaida, mama," mwalimu alisema huku akipanga viti. "Sauti hukaa inakotumika."

"Na wangu je?"

"Wako amejifunza kujitoa. Si haba. Tungoje onyesho lipite."

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Malkia alipofungua kinywa, fundi alisikia sauti ya mwanawe ikisema mambo ambayo haikuwahi kuyasema nyumbani: kwamba haogopi mtu, kwamba hapa ni kwake na hatoki. Miaka yote ile hakujua kuwa mwanawe ana sauti nzuri kiasi kile. Chini ya pazia, ambalo alilikata fupi kidogo, vilionekana viatu vya binti yake.

"Mtoto ana kipaji huyu," alisema mama wa kiti cha pili.

"Anacho," fundi akajibu.

Makofi yalipokwisha alimfuata mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa mtu mstaarabu, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nakuelewa, mama. Lakini si umemwona alivyobadilika? Kumnyang'anya sasa ni kumvunja moyo, na mashindano ndiyo hayo yanakuja. Wako mbona keshazoea?"

Mwalimu, aliyesimama kando, akaitikia kwa kichwa. Mwenye nacho huongezewa. Fundi alirudi nyumbani akalia waziwazi, na binti yake akamchemshia chai.

Siku chache baadaye binti wa mwenyekiti alileta kitambaa cha gauni la mashindano.

"Shikamoo, mama. Pole na kazi."

Fundi alisimamisha cherehani. Hakuwa mtoto mbaya, na hilo ndilo lililomchoma zaidi, maana angekuwa mbaya angalau angemtukana. Alimpima mabega polepole. Alipomaliza akayapima tena.

"Hebu niite mama."

"Mama," msichana akasema, kwa adabu.

"Tena."

"Mama."

Binti wa fundi alikuwa kwenye kona akishona vifungo. Aliinua macho, akamtazama mama yake, akakata uzi kwa meno, kisha akatoka uani kwenda kuanua nguo.

Yeye ndiye aliyemalizia lile gauni. Alilipindia upindo, akalipiga pasi, akalitundika nyuma ya mlango ili mwenyewe akija achukue aende zake. Msichana alikuja siku ya ahadi, akabisha hodi, akasalimu. Fundi alisukuma mlango kwa mguu mpaka ukutani, gauni likafichika.

"Bado mkono mmoja," alimwambia. "Pita tena kesho, mwanangu."