Kichaka cha Sokoni

Damiano alikuwa mbishi, jamani, tena mbishi wa kutokea Singida. Kwao, alipokuwa kijana, watu walifyeka pori maili na maili kufukuza mbung'o, na ng'ombe wakapona kweli. Basi tangu hapo, miti ikisongamana karibu na nyumba za watu, yeye anaona ugonjwa tu.

Na ugonjwa ulikuwa nyumbani kwake. Mkewe, Petronila, aliugua pumu. Kila mchana wa kiangazi, mabati ya Karatu yakiwaka na barabara ikitimka vumbi, mama huyo alijikongoja hadi kwenye kichaka cha miti kando ya soko, akakaa chini yake na jirani yake Blandina. Damiano akaunganisha mambo: anakaa kichakani, anaumwa, kumbe kichaka ndicho kinachomuua!

"Mume wangu, mle ndimo ninamopumulia," Petronila alimwambia.

"Wewe hujui. Sisi haya tumeyaona."

Akasimama kwenye mkutano wa kijiji, akaongea kwa uchungu mpaka wakamkubalia. Shoka la kwanza lilikuwa lake. Alitokwa machozi ya furaha, maskini wa Mungu, akidhani amemponya mkewe.

Kiangazi kilichofuata hakikuwa na huruma. Kile kichaka ndicho kilichokuwa kikipoza soko na kuzuia vumbi. Sasa jua lilipiga udongo mtupu kutwa nzima, na upepo ukaingiza vumbi jekundu hadi ndani ya sufuria. Wauza ndizi wakahama. Petronila akakonda, kifua kikilia filimbi.

Adhuhuri moja alisema kwa shida, "Nipeleke kivulini."

Damiano akambeba mgongoni, na kwa mazoea miguu ikampeleka kulekule. Visiki vitupu. Mkewe hakuweza tena kwenda mbali, kwa hiyo akamketisha akiegemea kisiki, akavua shuka lake, akalitandaza juu yake kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama. Nilidhani nakuponya."

"Najua. Shusha mikono, utachoka."

"Sichoki."

Akasimama hivyo, jua likimchoma utosini. Blandina alikuja mbio na maji, akamgusa Petronila shavuni, kisha akayaweka maji chini.

"Baba, shusha mikono," alisema taratibu. "Amekwisha kwenda."

Damiano hakushusha.

"Jua bado kali," alisema.