Bi Ghanima na Kufagia Wima

Ua wa Bi Ghanima pale Ngamiani ni wa mchanga, na mchanga ule umefagiwa kwa chelewa tangu enzi za bibi yake. Bibi alizifunga njiti za ukuti kwa kamba ya usumba. Mama akafunga kwa kitambaa. Ghanima mwenyewe anafunga kwa mpira wa baiskeli. Vifungo vimebadilika, kuinama hakujabadilika. Mwanamke anayefagia wima, alifundishwa, huyo anafagia barabara ya watu.

Sasa kiuno kimegoma. Majani ya mti wa mkungu yakajaa uani mpaka mwanawe, Humaid, akayaona.

"Mama, nyumba imekushinda. Ijumaa nakuja na gari, uhamie kwangu Usagara."

"Nihame kwa ajili ya majani?"

"Sitanii, mama. Ua umekuwa pori."

Alipoondoka, Ghanima akabaki kavimba kibarazani. Usagara atapiga soga na nani? Mkwewe alishamletea fagio la plastiki lenye mpini mrefu. Alilijaribu kwa siri: likalamba mchanga, majani yakabaki yanamtazama.

Akaingia jirani yake Dorkasi, mzaliwa wa kambi ya mkonge.

"Hodi! Shoga, mbona umenuna kama uliyekatiwa umeme?"

Akaelezwa. Akacheka mpaka kanga ikamteleza.

"Sisi kambini tulifagia wima, na tukaolewa vilevile."

"Mliolewa na nani? Na wenye viuno vibovu wenzenu!"

"Haya, inama basi tukuone."

Ghanima akainama nusu, akakwama hapohapo. Dorkasi akamnyanyua kwa makwapa, wote wawili hoi kwa kicheko. Kisha akaenda kwake, akarudi na mlingoti wa mkonge, ule mti unaobeba maua yake, mkavu na mwepesi kama ufito. Wakaichomeka chelewa nchani, wakakaza kwa mpira.

"Funga mlango wa uani kwanza," Ghanima akanong'ona. "Asinione mtu."

Ijumaa Humaid akaja. Mlango wa uani ulikuwa wazi, wapita njia wanachungulia, na mchanga una mistari ya ufagio kila pembe. Mama yake kasimama katikati, anafagia.

"Shikamoo, mama. Makubwa! Wima?"

"Marahaba. Wima, ndiyo. Na usinikanyagie mistari yangu."

Humaid akarudi nje kulizima gari lililokuwa likinguruma, kisha akavua viatu.