Jina Kwenye Pua ya Gari

Nakato alikuwa na wivu na mdogo wake, na tusizungukezunguke: ni ule wivu wa kumnyima mtu usingizi. Gari walilijenga wawili, lakini mtaa mzima wa Atlabara uliliita gari la Kizza.

Kizza alifinyanga bodi ya faiba, pua akaiinamisha ili upepo uligandamize gari barabarani, akapachika injini ya petroli nyuma. Sawa, apewe haki yake. Lakini aliyelifanya haibridi, la mafuta na umeme pamoja, ni Nakato. Betri aliilaza chini kabisa ili uzito usipande juu, na kila gurudumu la mbele akalipa mota yake ya umeme. Ukikanyaga mafuta, injini ikiwa bado inajikusanya, mota zimeshalirusha gari. Ubaya ni kwamba mota hazina kelele. Watu walisikia injini, wakaona bodi, wakampa Kizza mkono. Nakato aliulizwa kama chai ipo.

Siku ya kulijaribu, Mowlid, Msomali mwenye duka la magari aliyewaagiza walitengeneze, akatangaza kwamba jina la fundi litaandikwa kwenye pua.

"Jina moja tu, wallahi. Mawili yatafanya gari ikae kama kibao cha duka."

Macho yake yalikuwa kwa Kizza. Watu walipoanza kupiga picha, Nakato alifungua kifuniko nyuma ya kiti, akachomoa plagi inayounganisha betri na mota, akaitia mfukoni mwa ovaroli. Leo litajikokota mbele ya watu, alijisemea, wajue nani ni nani.

Kizza akaliwasha, akashika barabara ya Rejaf. Mwanzoni gari lilijikokota kweli, na moyo wa Nakato ukachanua. Kisha injini ikashika. Kwa kuwa leo ilibeba mzigo wote peke yake, ilinguruma kuliko siku zote, na watu wakapagawa. "Kwes! Kwes!" walishangilia, yaani safi sana. Hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba kazi ya Nakato haimo. Aliwachukia wote, na zaidi ya wote akamchukia Kizza.

Kizza akageuza huko mbele, akaanza kurudi kwa kasi. Macho ya Nakato yakatua kwenye magurudumu ya mbele. Breki! Zile za mbele walizifanya ndogo makusudi kupunguza uzito, kwa sababu mota ndizo zinazolizuia gari, zikirudisha umeme kwenye betri. Wazo hilo lilikuwa lake mwenyewe. Kwa wivu wake alifikiria kusukuma tu, kuzuia akasahau.

"Kizza! Punguza!"

Nani amsikie? Gari liliwapita watu matairi yakilia, likaserereka, likasimama pua ikigusa mapipa ya maji ya mama mmoja muuza chai. Kizza akatoka.

"Umeona, bosi?" akamwambia Mowlid. "Hii gari bila mota ya dada haisimami. Mimi iko na kelele tu. Andika Nakato."

"Na mbona leo zimekufa? Fungua tuone."

Kizza akainama, akafungua kifuniko. Akaliona tundu tupu. Akainua macho kwa dada yake, aliyekuwa amesimama mkono mfukoni, na wakatazamana. Kisha akakifunga taratibu.

"Ni waya, bosi. Mimi nilifunga vibaya. Kalas, imeisha."

Watu wakamzomea, yeye akacheka nao. Mowlid akamwita mchoraji, na Nakato akaona jina lake likiandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, mbele ya wote, vilevile alivyotaka. Plagi ilimuuma kiganjani. Alimshukuru Mungu kwamba mdogo wake yu mzima, na alishukuru kwa dhati. Lakini alipomtazama Kizza pale, amebeba kosa lisilo lake bila hata kununa, wivu ukamshika upya, mkali kuliko ule wa asubuhi.